Kadi Namba Kumi na Nne, Safu ya Wasioombewa

Siku niliyotoka na daftari la tabibu mkononi nilikuwa nimebakiza miezi miwili ya dawa, na sikuwa na nguvu ya kugombana hata na kuku. Nalisema hili mapema kwa sababu kijijini wanasimulia kwamba nilikwenda kituo cha afya na shari yangu. Sikwenda na shari. Nilikwenda na mtoto mgongoni, kikopo cha makohozi nimekifunga kwenye kitambaa, na uchovu.

Ilikuwa Jumanne, siku yetu sisi wa kifua kikuu. Benchi letu lipo nje, ubavuni mwa jengo, mbali na wajawazito na watoto wa chanjo, ili upepo uchukue tunachokohoa. Tabibu wetu nitamwita Yona, ingawa si jina lake. Aliniita ndani, akanipima uzito, akafungua daftari jeusi. Si ile rejista kubwa ya serikali, ni daftari lake mwenyewe. Kabla hajaandika, muuguzi akamwita chumba cha kujifungulia, akatoka mbio. Daftari likabaki wazi mbele yangu.

Nilidhani nitaona kilo zangu tu. Ukurasa ulikuwa umepigwa mstari katikati kwa rula. Kushoto juu ameandika WANAOOMBEWA. Kulia juu ameandika WASIOOMBEWA. Upande wa kulia, wa tatu kutoka juu, Naomi, kadi namba 14. Mbele ya jina langu kilo zangu mwezi kwa mwezi, mwandiko mzuri kabisa.

Nikalichukua, nikatoka nalo mpaka kwenye benchi, nikalisoma kwa sauti.

"Mzee Shila, kadi kumi na tatu, anaombewa. Naomi, kadi kumi na nne, haombewi. Kumi na tano, anaombewa. Kumi na sita, haombewi."

Mzee Shila aliupata ugonjwa huu kwenye mashimo ya dhahabu, na anataniana na kila mtu. Alishusha barakoa. "Kumbe naombewa mpaka daftarini? Na mbona sijaambiwa niache pombe?"

Watu wakacheka. Tabibu Yona akatokea mlangoni, glavu bado ziko mikononi.

"Dada Naomi, nipe hiyo. Hiyo ni kumbukumbu ya kazi."

"Kazi ya nani?"

"Njoo tuongee ndani."

"Ndani tumeongea miezi minne na hujaniambia. Tuongee hapa hapa."

Ili uelewe kwa nini nilipiga kelele vile, lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Nilianza kukohoa wakati wa kiangazi, alizeti imeshavunwa, vumbi limejaa kila mahali. Kila mtu alisema ni vumbi. Hata mimi nilisema ni vumbi. Duka la dawa wakanipa vidonge, vikaisha, wakanipa vingine. Kisha jasho likaja, naamka shuka limelowa kama nimelitoa kwenye beseni. Sketi nikaifunga kwa pini, baadaye kwa pini mbili, baadaye kwa kamba. Binti yangu Shukuru alikuwa na miezi saba. Ananyonya huku analia, maana maziwa yalikuwa yanakata. Mvua za kwanza za Desemba zilinikuta kwenye lile benchi la ubavuni, nimeshika kikopo, naambiwa, "Kohoa kutoka chini, dada. Mate hayana kazi."

Sitakueleza habari za vijidudu na mapafu. Hayo kituoni utaelezwa, na uwasikilize. Nitakueleza ambayo mimi sikuelezwa. Mkojo unageuka rangi ya soda ya machungwa, usikimbie kutafuta mganga. Magoti yanauma kama umelima heka nzima peke yako. Mtoto naye anapewa dawa ya kinga, unamyeyushia kwenye kijiko cha maji, anakutemea kifuani, unaanza upya. Na mume, hata awe mtu mzuri, ataambiwa alale chumba kingine wiki mbili za kwanza. Wiki mbili zitapita na yeye bado yuko huko.

Wangu anaitwa Elisha. Anafanya kazi kwenye mashimo madogo ya dhahabu, anarudi mara moja kwa mwezi. Niliyebaki naye nyumbani ni mama yake, Bibi Zainabu. Mama mkwe ni Mwislamu. Marehemu baba mkwe alikuwa Mkristo na watoto wakafuata kwa baba. Kwetu hilo halijawahi kuwa tatizo: Idi tunakula wote, Krismasi tunakula wote.

Sasa sikiliza jambo la kanisani kwetu, maana ndilo lililoniumiza. Kila Jumapili kabla ya sadaka, mwinjilisti anafungua karatasi na kusoma majina ya wagonjwa. Watu wote wanasimama. Ukisomwa Jumapili, Jumatatu wanawake wanakuja. Huyu na mzigo wa kuni, yule na unga wa mtama, mwingine anakufulia nepi bila kukuuliza. Kama ni msimu wa palizi, kikundi kinaanzia shamba lako. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Ndivyo tulivyokuzwa. Jina likisomwa, shamba linapaliliwa.

Jina langu lilisomwa Jumapili mbili, mimi nikiwa bado nyumbani kwa amri ya tabibu. Wanawake walikuja. Walisimama uani kwa sababu ya kifua changu, wakaimba wakiwa kwenye mvua, na mimi nilikaa dirishani nikalia kwa furaha. Niliporuhusiwa kutoka, nikaenda ibadani, nikakaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Mwinjilisti akafungua karatasi. Akamsoma Mzee Shila. Akamsoma mama mmoja anayeumwa mguu. Akaikunja karatasi.

Nikasema kasahau. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo.

Kwetu jina la mgonjwa linatoka kwenye ile karatasi kwa njia tatu. Amepona na amesimama mbele kushukuru. Amekufa. Au ametengwa, yaani ana kosa na kanisa limemweka pembeni mpaka atubu. Mimi nilikuwa hai, na nilikuwa nakohoa pale mlangoni kila mtu ananisikia. Ikabaki njia moja.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Kisimani mazungumzo yalikatika nikifika. Kikundi cha palizi kilipita mbele ya nyumba na majembe, wakanisalimia vizuri, "Habari za kuugua, mama Shukuru," wakaenda shamba la Mzee Shila. Magugu yakaimeza alizeti yangu mpaka nikawa siioni. Unga wa watu ukakoma. Nilimfuata mwinjilisti nyumbani kwake nikamuuliza kosa langu. Akaangalia chini.

"Mama Shukuru, wewe kuwa na subira. Yapo mambo hayasemwi kwa sasa."

Unaona? Mtu amekuambia hivyo, utalala? Mke wake alikuwa anachambua mboga hapo hapo. Siku ya pili yake maneno hayo yalikuwa kijiji kizima.

Elisha alirudi mwisho wa Januari. Hakuingia. Alisimama mlangoni na begi lake begani.

"Naomi, umefanya nini?"

"Kuhusu nini?"

"Mpaka mgodini wananiuliza. Mkeo ametengwa, mkeo ametengwa. Mtu hatengwi bure. Ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Huyo mwanaume."

Nilikuwa na kilo thelathini na tisa. Ndoo ya maji nilikuwa naiburuta. "Mwanaume gani atanitaka nikiwa hivi?" nikamwambia. "Hata wewe hunitaki."

Mama yake alitoka ndani akamwambia kwa Kinyiramba kwamba mtu akisimama mlangoni na begi ni mgeni, na mgeni huwa anabisha hodi. Elisha akashinda kutwa moja, asubuhi akaondoka.

Baada ya hapo nikaacha dawa. Naiandika hii kwa aibu, lakini naiandika kwa sababu wewe unayesoma huenda leo ndiyo siku yako. Vile vidonge kwenye tumbo tupu vinapanda juu. Nilikuwa nameza, natapika, naanza kutetemeka. Asubuhi moja nikavifukia chini ya unga kwenye kopo, nikasema nitameza kesho. Zikapita siku tisa. Kohozi lenye damu likaja siku ya nane, na mimi nikaliangalia tu kama ni la mtu mwingine.

Bibi Zainabu alikuta vidonge alipokuwa anachota unga. Hajui kusoma, lakini kuhesabu anajua. Akavipanga kwenye ungo.

"Hapa kuna vidonge vya siku tisa."

"Mama, vinanitapisha."

"Utatapika, utameza tena."

"Nimeze ili iweje? Hata Mungu wa kanisani kaambiwa asinisikie."

Akakaa kitako kando yangu, akavuta miguu. "Huyo wa kanisani sina mazoea naye," akasema. "Wangu hajaambiwa."

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi akimaliza swala ya alfajiri ananikoroga uji wa uwele. Ananisimamia ninywe, nimeze, halafu ananifunua mdomo kuangalia chini ya ulimi kama anayemkagua mbuzi mnadani. Kisha anainua viganja. Anasoma dua alizofundishwa utotoni, akimaliza anaongeza kwa Kinyiramba kwamba mtoto huyu ana mama mmoja tu, aangaliwe. Alikuwa anachukua kama dakika tano. Hakukosa siku hata moja. Nilirudi kituoni nikakiri zile siku tisa. Tabibu Yona alinigombeza sana, akaandika kwenye rejista, na siku tisa zikaongezwa mwisho wa dozi yangu. Sasa najua kwamba siku hiyo hiyo aliandika na kwenye daftari jeusi.

Basi turudi kwenye benchi. Aprili hiyo, alizeti za wenzangu zimechanua njano tupu mpaka barabarani, na mimi nimesimama na daftari.

Tabibu aliona hapana pa kujificha, akaeleza. Na nitasema haki yake: hakueleza kama mwizi. Alieleza kama mtu mwenye jambo lake moyoni.

"Nilipokuwa chuoni wenzangu walinicheka, Naomi. Walisema maombi yanatuliza roho tu, hayaponyi mwili. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilitaka ushahidi. Dawa wote mnapata zile zile. Nikasema wenye kadi za namba witiri wasomwe kanisani waombewe, wenye namba shufwa wasisomwe. Mwisho tulinganishe kilo na makohozi. Sayansi ndivyo inavyofanya. Mwinjilisti nilimwomba asiseme, maana mgonjwa akijua jaribio linaharibika."

"Kwa hiyo nimekaa pembeni tangu Januari kwa sababu kumi na nne inagawanyika kwa mbili."

"Hukukaa pembeni. Hakuna aliyedhurika. Dawa ulipewa."

Hapo ndipo uvumilivu wangu wote uliishia. Siyo kwenye daftari. Kwenye hilo neno, hakuna aliyedhurika.

"Tabibu, na mimi shule nimekwenda," nikamwambia. "Kidato cha pili tulipanda maharage kwenye makopo mawili. Moja tukaliweka kwenye mwanga, jingine kabatini. Mwalimu alikataza mtu yeyote kufungua kabati, mwanga usije ukaingia. Kabati langu mimi ulilifunga na nini? Mama yangu mzazi kule Kinampanda ananiombea, na jumuiya yake yote. Mama mkwe ananiombea kila asubuhi. Hao wote umewaandika wapi?"

"Mama mkwe wako sikumfikiria. Yeye si..."



"Si nini?" nikauliza.

"Malizia, daktari," Mzee Shila akasema. Hakuwa anatania tena. "Si nini?"

Tabibu akavua glavu polepole, moja, halafu nyingine. Nikamwambia kitu kimoja cha mwisho: maharage ya kabatini hayakuwa na mama. Nikampa daftari lake, nikakaa chini.

Watu wameniuliza tangu siku hiyo. Kwa hiyo Naomi, wewe unasema maombi yanaponya au hayaponyi? Sijui. Sisemi uongo ili nionekane mcha Mungu, wala ili nionekane msomi. Nilimeza vidonge na niliombewa na nilipikiwa uji, vyote asubuhi moja, tumbo moja. Wewe ukiweza kuvitenganisha, vitenganishe. Labda Mungu anapimika, labda hapimiki, hilo nawaachia wenye vyuo. Ninachojua ni kwamba ili upime, unahitaji mtu asiyeombewa, na mtu huyo kwetu hapatikani. Ikabidi wamtengeneze. Walichukua mtu mwenye kilo thelathini na tisa wakamwondolea kuni, unga, palizi na mume, wakaita hiyo ni safu ya kulinganishia. Na kama ningekufa zile siku tisa, ningeandikwa kuwa ushahidi.

Tabibu Yona aliniomba yaishe. Alisema daftari amelifunga, mwinjilisti ataambiwa. Nikakubali. Unaweza kuniona mwoga. Ni kweli niliogopa. Aliyekuwa anashika dawa zangu ndiye huyo niliyetaka kumshtaki, na nilikuwa nimebakiza miezi miwili na siku tisa. Jina langu halikurudi kusomwa. Mwinjilisti alisema akinisoma sasa watu watauliza nilikuwa wapi.

Elisha alisikia habari ya daftari kutoka kwa Mzee Shila. Akaja na sabuni, sukari na uso wa kuomba. Nilimpokea. Sijamsamehe yote, na nimemwambia hivyo.

Vidonge vya mwisho nilimeza Juni, baridi imeingia, watu wanapura alizeti. Makohozi yangu yalikuwa safi. Kilo hamsini na moja. Nilikuwa nimepanga nitoke pale nisirudi hata kuangalia nyuma. Kwenye benchi nikamkuta binti mmoja mgeni, mwembamba, ana mtoto mgongoni, sketi yake kaifunga kwa pini mbili. Niliangalia zile pini nikashindwa kupita.

"Kadi namba ngapi, mdogo wangu?"

"Ishirini na mbili, dada."

"Kanisani wanakusoma?"

"Walikuwa wananisoma." Akashusha macho. "Wameacha. Sijui nimefanya nini."

Nilirudi nyumbani, nikamwomba mama mkwe anishikie mtoto, nikaandika barua. Alikaa kando yangu mpaka nilipomaliza, akaniuliza kama yeye nimemweka. Nikasema nimekuweka, Mama. Akafikiri, akaniambia kitu cha kuongeza, nikaongeza. Asubuhi nilipanda bodaboda mpaka Nduguti, kwenye ofisi za wilaya, nikaikabidhi mapokezi, nikasimama pale mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri. Hii hapa, nimeondoa tu majina ya kituo, tabibu na mwinjilisti.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

YAH: KUFANYIWA JARIBIO LA MAOMBI BILA RIDHAA YANGU

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nimemaliza dozi ya kifua kikuu katika kituo nilichokitaja hapo juu, kadi namba 14. Nalalamika kwamba tabibu wa kitengo alitoa majina ya wagonjwa nje ya kituo na kuwagawa kwa namba za kadi, witiri waombewe kanisani na shufwa wasiombewe, ili apime kama maombi yanaponya. Sikuulizwa. Kwa sababu jina langu liliacha kusomwa, nilihesabiwa kuwa nimetengwa, nikakosa msaada wa chakula na shamba, na nikaacha dawa siku tisa. Tabibu anasema hakuna aliyedhurika. Naomba mumuulize kuhusu siku hizo tisa, ameziandika mwenyewe.

Sina ugomvi na maombi wala na sayansi. Dawa zenu zilifanya kazi na nashukuru. Ninachoomba ni kwamba jaribio likome leo, si mwezi ujao, kwa sababu yupo mgonjwa wa kadi namba 22 ana mtoto mchanga na ameanza kujiuliza kosa lake. Naomba tabibu na mwinjilisti wasimame mbele ya watu wale wale, Jumapili, wakati ule ule wa kusoma majina, waseme kwamba sisi wa namba shufwa hatukuwa na kosa lolote. Naomba majina yetu yasomwe hapo hapo, hata ya sisi tuliopona, na kama kuna aliyekufa, na lake lisomwe.

Pia naomba nifutwe kwenye safu ya wasioombewa, kwa kuwa si kweli. Niliombewa kila siku kuanzia mwezi wa pili mpaka kidonge cha mwisho. Mama mkwe wangu, Zainabu, anaomba iingizwe kwenye kumbukumbu kwamba alisoma dua hata zile asubuhi alizokuwa amenikasirikia.

Naomi